Barabara kuu, kuu kwa lipi?

Jamani naomba kuuliza, hii barabara inayounganisha vimji na vitongoji ni barabara kuu kweli au ni uchochoro uliovalishwa suti? Kibao kinasema 80, hujamaliza kukisoma tuta hili hapa, ukilivuka kuna 50, mara shule, mara zebra, mara tuta jingine halijapakwa rangi hata tone, limekaa kimya linakusubiri uanze kuwaza mambo yako. Ukishagonga kichwa kwenye dari na kukaa sawa, kibao kinakwambia 80 tena. Themanini ya wapi, wakati mbele yangu kuna jamaa kasimama katikati ya lami anaongea na mwenzake anayetokea upande wa pili, na wote wawili wamezima injini!

Shida ni kwamba barabara ya kupita mbio na barabara ya kuishi pembeni yake ni vitu viwili, sisi tumevifunga ndoa kwa lazima. Kila geti na kila kibanda kinachofunguka moja kwa moja kwenye lami ni sehemu mtu atakapofunga breki. Na lami ikimwagwa tu dalali keshafika, mkandarasi hata mapipa hajaondoa, tangazo liko juu: kiwanja kizuri, dakika 20 tu mpaka mjini. Dakika 20 za nani? Labda za ambulensi, tena saa nane usiku.

Foleni sasa. Ile ya ajali naielewa, inayoniumiza ni ile unasota wee halafu ukifika mbele hakuna kitu, hakuna ajali wala trafiki, watu wanaachia tu mwendo. Wajapani waliijaribu hii, matokeo wakayatoa 2008: magari 22 kwenye duara lenye mzunguko wa mita 230, kila dereva kaambiwa aende kama kilomita 30 kwa saa, hamna taa hamna tuta, na bado foleni ikajitunga yenyewe! Mmoja akipunguza kidogo wa nyuma anapunguza zaidi, wa nyuma yake zaidi, mpaka kuna mtu kasimama kabisa na hajui kosa lake. Sasa kama 22 waliopewa maelekezo wameshindwa, sisi tunaokula simu tukiendesha tutaweza?

Utasikia wataalamu wa kijiweni, waongeze njia. Haya, kule Houston Marekani ile Katy Freeway waliipanua, kazi ikaisha 2008, kuna sehemu ukihesabu na zile za pembeni zinafika njia 26. Ishirini na sita! Ilipofika 2014 safari ya jioni pale inachukua muda mrefu kuliko 2011. Maana waliokuwa wanaogopa foleni waliona pamepanuka wakatoka wote, na wengine wakaenda kujenga mbali zaidi.

Malori ndiyo sitaki hata kuyaongelea. Ekseli ukiibebesha uzito mara mbili lami inaumia karibu mara 16, hayo ni majaribio ya Wamarekani ya tangu zamani, kwa hiyo kagari kangu hakana hatia kabisa. Lori linachimba shimo linaenda zake, mimi ndiyo naliziba kwa rimu yangu.

Dawa pekee ninayoikubali ni mchepuko, magari ya safari yapite nje ya mji. Najua na wenyewe vibanda vitauhamia, lakini angalau tutapumua miaka kadhaa kabla mchepuko haujaanza kudai mchepuko wake. Waanze hata kesho, mimi nipo nao. Ila mchoro niliouona juzi unapita katikati ya sebule yangu, pale waukunje kidogo uangukie kwa jirani, yeye ana uwanja mkubwa halafu hata hapendi wageni.