Gatini ni mwanzo tu

Habari yenu kuhusu baharia aliyezunguka dunia peke yake kwa tanga imeeleza vizuri shangwe za kumpokea, kisha ikaishia hapo gatini. Kumbe kazi ndiyo inaanza! Mimi nilikaa baharini peke yangu siku 41 tu, cha mtoto, lakini wiki ya kwanza nchi kavu nilipepesuka kama mlevi. Usiku nilishtuka kila baada ya dakika 20, napapasa ukuta nikitafuta usukani. Bomba la maji nikilifungua, nalifunga haraka kama mwizi, kwa mazoea ya kubana maji chomboni. Na watu! Wote wanaongea kwa pamoja, wewe umezoea upepo.

Baharia Mwingereza Robin Knox-Johnston, aliyeshindana kuzunguka dunia peke yake kwa tanga, alirudi Falmouth, bandari ya Uingereza alikoanzia, Aprili 1969 baada ya siku 312, maofisa wa forodha wakamuuliza ametoka wapi. Akajibu: Falmouth. Mwenzake katika mashindano yale yale, Mfaransa Bernard Moitessier, hakurudi Uingereza kumalizia. Alipitiliza hadi Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Zamani nilimwona kichaa. Siku hizi simcheki.

Mwandishi, mrudie baharia wako baada ya miezi mitatu, umuulize kama ameshalala usiku mzima.