Akiba ya Leeds Haimfai Mama wa Ujiji

Nimeishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kwa miaka tisa sasa, nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee, na katika miaka hiyo yote hakuna ushauri wa fedha niliousikia mara nyingi kuliko huu: weka akiba inayotosha matumizi ya miezi mitatu hadi sita, iweke mahali usipoigusa ovyo, kisha endelea na maisha yako. Ushauri huo ni mzuri na mimi mwenyewe naufuata. Ninachokipinga ni tabia yetu sisi tulioko ughaibuni ya kuwahubiria ndugu zetu wa Kigoma ushauri huohuo bila kuupunguza wala kuuongeza, huku tukiamini kwamba hawajui kujiwekea akiba kwa sababu tu hawana salio benki. Dharura za huku si dharura za kule, na akiba haiwezi kufanana ikiwa balaa lenyewe halifanani.

Mwezi Novemba 2023 niliteleza kwenye ngazi za nyumbani nikavunjika mfupa wa kifundo cha mkono. Hospitali nilipigwa picha, nikafungwa plasta, nikapangiwa siku ya kurudi, na hapakuwa na dirisha la malipo nililopaswa kupitia kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa huduma hiyo hugharimiwa na kodi inayokatwa kwenye mishahara yetu. Kilichonitikisa kilikuja baadaye. Malipo ya ugonjwa ambayo sheria ilimtaka mwajiri anilipe wakati huo yalikuwa pauni 109.40 kwa wiki, na siku tatu za kwanza hazikulipwa kabisa. Kodi ya nyumba haikunisubiri, wala umeme, wala gesi, ambavyo benki huvikata yenyewe kwa tarehe yake. Jirani yangu wa mlango wa pili, mtu mwema anayenisalimu kila tunapokutana, hakujua kwamba nimekaa ndani zaidi ya wiki mbili. Na hata angejua, si desturi ya huku kubisha hodi na bakuli la chakula. Huku, kwa hiyo, ugonjwa wenyewe haukufilisi. Kinachokufilisi ni siku ambazo hukuingia kazini, na ndiyo maana akiba ya huku hupimwa kwa miezi ya kodi ya nyumba.

Ujiji mambo ni kinyume chake. Mama yangu ameuza dagaa maisha yake yote, akiwanunua alfajiri pale mwaloni Kibirizi, akiwaanika na kuwafunga kwenye magunia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo mitumbwi hupumzika mpaka giza lirudi. Maana yake ni kwamba kila mwezi, bila kukosa, nyumba yetu ilikuwa na siku kadhaa ambazo haikuingia hata senti. Hakuna mtu aliyeziita dharura. Siku za giza mama alinunua unga wa muhogo, maharage yaliyoshushwa kutoka Kasulu na dumu la mawese, akavipanga chumbani nyuma ya kitanda chake, na mbalamwezi ilipotanda tulikula kama kawaida. Akiba ilikuwa ndani ya dumu na ndani ya gunia. Mtu wa takwimu angetuhesabu kuwa kaya isiyo na akiba.

Hata ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana, mama aliyumba lakini hakuanguka. Alikaanga maandazi, akapunguza mlo wa mchana, akamkopesha jirani unga na jirani mwingine akamkopesha yeye mafuta. Kukosa kipato, ambako Leeds ndilo janga lenyewe, Ujiji ni jambo ambalo watu wamelizoea na wana namna zao za kulibeba pamoja. Kinachowaangusha ni hospitali. Ugonjwa mmoja unaohitaji kupasuliwa huweza kumaliza mtaji wa miaka mitatu kwa usiku mmoja, na hapo ndipo watu hukimbilia mikopo ya kausha damu, ambayo marejesho yake ya kila siku huanza kabla mgonjwa hajatolewa nyuzi.

Nalisema hili kwa kuwa lilitugusa. Katika wiki ileile niliyokuwa na plasta mkononi, mdogo wangu alinipigia simu usiku.

“Shikamoo dada. Mtoto kazidiwa, wanasema ni kidole tumbo, lazima apasuliwe. Ukiweza tutumie, na ya kutolea.”

Kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani nilimjibu kwamba sina, na ilikuwa kweli, kwa maana kilichokuwepo benki kilikuwa kodi ya nyumba ya mwezi unaofuata. Sikulala usiku ule. Kulipopambazuka mama akapiga yeye mwenyewe: “Mwanangu, usihangaike. Kikoba kimetoa.”

Nilikuwa nikikidharau kikoba hicho. Mwaka uliofuata nilipokwenda likizo niliketi nacho chini ya mwembe, kina mama ishirini na saba na kisanduku cha bati chenye kufuli tatu, kila ufunguo ukiwa na mtu wake, hata ikibidi kumsubiri mmoja aliyekuwa akimnywesha mjukuu wa jirani dawa ya kikohozi ndipo kifunguliwe. Kwanza ulichangiwa mfuko wa jamii, shilingi 500 kila mmoja, na mwenye duka kubwa haruhusiwi kutoa zaidi ya muuza mchicha. Fedha ikahesabiwa kwa sauti, ikafungwa kwenye kitambaa chake. Baada ya hapo zikanunuliwa hisa, shilingi 2,000 kwa hisa, zisizidi tano kwa mtu mmoja katika kikao, na kila hisa ikagongwa mhuri kitabuni. Hisa hugawanwa mwisho wa mzunguko pamoja na faida ya mikopo. Mfuko wa jamii ndio uliomtoa mpwa wangu hospitali: hauna riba, hutolewa kwa ugonjwa na msiba tu, na kina mama hao hawakubali kuusikia mchango wa harusi ukitajwa karibu nao.

Hapo nikaona kosa letu. Kwa miaka mingi mimi nimekuwa ndiyo akiba ya dharura ya ukoo mzima, na nilijivunia hali hiyo. Lakini akiba iliyoko Leeds hufika Ujiji kwa kuchelewa, hufika ikiwa imekatwa makato ya kutuma na ya kutoa, na hutegemea afya ya mkono wa mtu mmoja. Mbaya zaidi, imewazoesha ndugu wenye uwezo kutoingia kikoba chochote, kwa kuwa yuko dada wa Uingereza. Siwalaumu peke yao, maana mimi ndiye niliyewazoesha.

Sasa nina akiba mbili. Ya kwanza iko huku, ni ya kodi ya nyumba na bili za miezi minne, na siigusi kwa ombi la mtu yeyote, hata likija na machozi. Ya pili iko Ujiji. Kila mwezi, tarehe ileile, namtumia mama kiasi kisichobadilika, ambacho ananunulia hisa kwa kadiri kanuni zinavyoruhusu. Vilevile nilianza kuwakatia ndugu watatu bima ya afya ya jamii, yaani CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakikufika nauli yangu ya basi ya siku tatu za kazi. Ninapokumbuka laki ngapi nilizituma kwa haraka usiku wa manane kwa maradhi ambayo kadi hiyo ingeyashughulikia, nasikitika sana.

Kaka yangu mkubwa hakubaliani nami. Anasema ndugu hasaidiwi kwa kalenda, na kwamba nimeanza kuwa na moyo wa kizungu. Neno hilo liliniuma, nami nilimjibu kwa heshima kwamba kizungu kingekuwa kuwaambia kila mmoja ajiwekee ya miezi sita peke yake benki, wakati mimi naingiza fedha yangu kwenye kisanduku chenye kufuli tatu ambacho hata mimi siwezi kukifungua. Hakujibu. Lakini mama aliniambia wiki iliyopita kwamba mke wa kaka amekwenda kuomba uanachama, na kwamba kikao kijacho watamjadili, kwa kuwa yule bibi anayeshika ufunguo wa pili anataka kwanza ajue kama atahudhuria mwenyewe au atakuwa anatuma watoto.