Hajati, Matoke na Mashine Isiyotaka Maoni

Hajati mwenye hoteli karibu na kambi ya jeshi hapa Bombo, Uganda, alinikabidhi shauri zito. Wateja wake walikuwa wamegawanyika, hawa wa ndizi za Kibuzi na wale wa Mbwazirume, na kila mchana walibishana ni zipi zinazotoa matoke bora, hadi meza zikakosa nafasi ya wateja wengine. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda na kompyuta, aliniagiza niwaulize wajuzi wa intaneti.

Nilifungua mtandao mmoja wa maswali na majibu ya mapishi, nikauliza kwa Kiingereza fasaha ni ndizi zipi zilizo bora kwa matoke. Kabla sijaandika hata maelezo, kikatokea kisanduku kikiniarifu kwamba swali langu linaelekea kuwa la maoni na huenda likafungwa. Hakuna binadamu aliyekuwa amelisoma. Mitambo ya namna hiyo hukagua maneno ya kichwa cha swali, ikiyatilia shaka yale yanayoita ubishi kuliko majibu. Nayo haimzuii mtu kuendelea, bali humwonya tu, kama mama mkwe.

"Maoni ya nani?" Hajati aliuliza. "Mwambie mimi nilikuwa jikoni kabla hajazaliwa."

Nikabadilisha neno moja nikaweka jingine lenye maana ileile, na mashine ikanyamaza. Binadamu hawakudanganyika. Katika mitandao hiyo wanachama wazoefu hupiga kura ya kulifunga swali, na langu lilifungwa kabla chai haijapoa. Swali lililofungwa halifutwi papo hapo: linabaki hadharani, haliwezi kujibiwa, hadi mwenyewe alirekebishe na wenzake waridhie lifunguliwe. Hajati aliona afadhali lingefutwa. Hata hivyo, ikiwa nia ni kukusanya majibu yatakayomfaa mgeni hata baada ya miaka kadhaa, ubishi wa hotelini kwetu haumsaidii mtu.

Mpiga kura mmoja alinishauri niulize jambo linalopimika. Basi nikaandika: kati ya Kibuzi na Mbwazirume, ni zipi zinazobaki laini kwa muda mrefu zaidi baada ya kupikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba? Likafunguliwa. Bwana mmoja wa Ulaya akajibu, kwa adabu kubwa, kwamba tununue kifaa cha kupimia ulaini wa vyakula, tuchukue sampuli kadhaa za kila aina zikiwa na joto sawa, kisha tulinganishe wastani.

Hajati alinisikiliza hadi mwisho, akainama juu ya sufuria, akalibonyeza furushi la majani kwa kidole gumba. Lilibonyea, mvuke ukamtoka kati ya vidole, naye hakuuondoa mkono.

"Kifaa hiki hapa," alisema.

Mzee aliyekuwa pembeni akadokeza kwamba Nakitembe inazishinda zote mbili, na makundi yakawa matatu.

Tangu hapo Hajati ameipenda mashine ile kupita kiasi. Mteja akilalamika kwamba wali umezidi chumvi, hujibiwa kwamba hoja yake inaelekea kuwa ya maoni, na imefungwa. Jana nilimwuliza kwa upole kama sistahili bakuli la mchuzi kwa kazi niliyoifanya. Aliniletea bakuli limejaa, na kando yake bili, akaniambia kwamba hiyo ni hoja ya tarakimu, wala haihitaji kupigiwa kura.