Maganda Yameshaungua, Vitamini Zimebaki Wapi?

Ukisoma maelezo ya wanaouza sabuni nyeusi ya Afrika Magharibi mitandaoni, utadhani umeshika kijikaratasi cha dawa: inatibu chunusi, mapunye, pumu ya ngozi, makovu, mba, na eti inakinga hata jua. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lilelile: ina maganda ya ndizi, na maganda ya ndizi yana vitamini A na E. Hapo ndipo hoja inapoanguka. Ganda haliingii kwenye sabuni likiwa ganda, linaingia likiwa jivu, na vitamini haitoki salama kwenye moto uliogeuza ganda kuwa jivu. Kinachobaki ni madini, na katika madini hayo potasiamu ndiyo mtengenezaji aliyoitaka tangu mwanzo.

Siipondi sabuni yenyewe. Ni sabuni nzuri, na ina sifa za kweli ambazo wauzaji hawazitaji kwa sababu hawajui inavyopikwa.

Wayoruba huiita ose dudu, yaani sabuni nyeusi (dudu kwao ni rangi, asiwaze mtu wadudu). Ghana, kwa Kiakan, ni alata samina. Kila mpishi ana mchanganyiko wake, lakini msingi haubadiliki: majivu ya maganda ya ndizi za mzuzu, ya makasha ya kakao au ya mabua ya mikungu ya michikichi, pamoja na mafuta, hasa ya mise (yanayokamuliwa kwenye kokwa za michikichi), ambayo mara nyingi huongezewa mawese, nazi au siagi ya shea. Isichanganywe na sabuni nyeusi ya Moroko, ile laini kama jeli inayotumika hamamu. Ile ni ya mafuta ya zeituni, ukoo mwingine kabisa.

Kazi inaanza juani. Maganda yanaanikwa mpaka yavunjike yakikunjwa, kisha yanachomwa taratibu. Yakibaki vipande vyeusi vya mkaa, maji yatakayochujwa kwenye jivu lake yatakuwa hafifu. Jivu zuri ni la kijivu, jepesi, lisilo na mchanga. Likinyeshewa mvua usiku mmoja limekwisha, maana potashi yote, yaani chumvi ya ile potasiamu, imeondoka na maji. Halafu linachujwa: ndoo iliyotobolewa chini, tabaka la nyasi kavu, kitambaa, jivu juu, na maji yanamiminwa kidogo kidogo. Yanayotoka kwanza yana rangi ya chai ya rangi na yanateleza kati ya vidole. Ya mkupuo wa pili ni dhaifu, yanafaa kurudishwa juu ya jivu jipya. Magharibi mwa Kenya Waluhya huchuja maji ya namna hiyohiyo kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharage, huyaita musherekha, na kulainishia mboga. Kwa hiyo teknolojia yenyewe si ngeni kwetu. Sisi tuliipeleka jikoni.

Maji hayo huchemshwa na mafuta kwa saa nyingi, mengine mpaka siku nzima, huku yakikorogwa. Muda ni mrefu kwa sababu potashi ya jivu ni kali kidogo tu ukilinganisha na kostiki soda ya dukani. Sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa majumbani, haifai hata kidogo: maji ya majivu huila. Tumia chuma, stenlesi au chungu. Kujua kama imeiva, chukua donge la ukubwa wa njegere, liyeyushe kwenye glasi ya maji ya moto. Matone ya mafuta yakielea juu, bado: ongeza maji ya majivu, endelea kupika. Maji yakitulia bila mafuta, mafuta yote yameshakuwa sabuni. Usiende kwa kipimo cha vikombe vya jivu kwa lita ya mafuta, kwa sababu jivu la mzuzu na jivu la kakao hayana nguvu sawa, na hata jivu la aina moja hutofautiana mchomo kwa mchomo. Ikishaiva huchotwa, huachwa wiki mbili hadi nne ikauke na kutulia. Wenye haraka huuza mapema, na hiyo ndiyo inayowasha watu uso.

Sabuni ya mche tunayofulia ni ngumu kwa sababu imetengenezwa kwa sodiamu. Ya potasiamu hubaki laini, hunyonya unyevu hewani, na ukiiacha kwenye kisahani bafuni itakuwa uji kabla ya wiki kuisha. Kata vipande vidogo, weka kimoja bafuni, vingine vifunge kwenye mfuko na kuviweka kopo kavu. Na kwa kuwa haikutenganishwa na gliserini yake, kama viwanda vingi vinavyofanya ili kuiuza kando, gliserini yote imebaki ndani. Hiyo ndiyo sifa ya kweli ya kwanza. Ya pili ni povu: mafuta ya mise karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, inayotoa povu jingi na kung'oa mafuta na jasho sawasawa. Lakini lauriki hiyohiyo ndiyo inayokausha, ndiyo maana mwenye ngozi ya mafuta anaisifu na mwenye ngozi kavu anailaani. Wote wawili wanasema kweli.

Kama sabuni zote halisi, ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5. Kwa hiyo matumizi yana adabu yake. Usisugue donge moja kwa moja usoni, maana hubeba chembe za jivu zinazokwaruza. Kata kipande kama punje ya hindi, kisugue viganjani na maji mpaka povu litoke, paka povu tu, hesabu mpaka ishirini, osha vizuri. Anza mara mbili kwa wiki. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta yako, iwe nazi au moo yao, ile siagi laini ya shea ya kaskazini mwa Uganda. Kuwashwa kidogo kwa sekunde chache kunavumilika. Kuungua na wekundu unaokaa si "sumu zinatoka" kama unavyoambiwa. Ni ngozi imechoka, acha.

Mapunye ya kichwani kwa mtoto yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Pumu ya ngozi huzidi ikioshwa kwa sabuni kali. Kwa chunusi, inaondoa mafuta ya juu, na kwa wengine hilo linatosha.

Nywele ni habari nyingine. Ukiosha kwa maji ya kisima yenye chumvi, sabuni hushikana na kalsiamu na kuacha utando mweupe ambao watu huuita mba. Yeyusha gramu 100 katika nusu lita ya maji ya moto, acha ilale usiku, chuja kwa kitambaa, tumia ndani ya wiki moja kwa sababu maji huozesha. Baada ya kuosha, suuza na kijiko kimoja cha chakula cha siki ndani ya lita moja ya maji. Siki inakuja baadaye, kamwe si ndani ya chupa ya sabuni. Wale wanaokamulia limau kwenye sabuni nyeusi "iwe na nguvu" wanaivunja: asidi huirudisha kuwa mafuta, ndiyo ile mabonge mabonge unayoiona ikijitenga kama maziwa yaliyokatika.

Na manjano? Yachanganye na sabuni yatageuka mekundu papo hapo. Wapo wanaodhani hiyo ni dalili ya nguvu. Manjano hubadilika hivyo yakikutana na chochote chenye pH ya juu, magadi yakiwemo. Kama unapaka manjano ya bibi harusi, yaoshe kwa maji kwanza.

Kwenye kununua, rangi ndiyo ya kwanza kutazama. Ya kweli ni ya kahawia, yenye mabaka, inamomonyoka, ina harufu kidogo ya moshi. Ikiwa nyeusi tii, ngumu, laini kama kioo na inanukia waridi, soma lebo. Ukikuta "sodium palmate" (sabuni ya mawese na sodiamu) imetangulia na CI 77499 au CI 77266 (namba za rangi nyeusi) mwishoni, umenunua sabuni ya kawaida iliyotiwa rangi. Haina dhambi, ila usiilipie bei ya jivu la kakao. Ikiahidi kukung'arisha, iache mezani. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuvusha mipakani sabuni na krimu za kung'arisha zenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, lakini bidhaa za aina hiyo bado zinazunguka sokoni, na jina "nyeusi" halizisafishi.

Kinachoniudhi zaidi ni bei ya vipande vinavyosafirishwa kutoka upande wa pili wa bara. Mise iko Kigoma, na watu wa huko wanaipikia sabuni. Kyela wanavuna kakao na makasha yanabaki shambani. Mzuzu unakaangwa kila mji na maganda yanaishia jalalani. Anayetaka kuanza aanze na jivu la maganda ya mzuzu, lita tano za mise na pipa la chuma, na asiuze kipande chochote kabla hakijapita mtihani wa glasi.