Jalada halina mishale

Wiki mbili zilizopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya dada wa idara ya madai, kampuni ya bima ambayo sitaitaja, nikamshuhudia akidanganya kompyuta kwa ajili yangu. IST yangu ilikuwa siku ya 11 gereji tangu bodaboda iniingie ubavuni pale Mwenge. Mkadiriaji hajaja kuiona. Kisa? Ripoti ya polisi haijatoka. Haijatoka kwa nini? Kijana wa bodaboda bado yuko wodini, PF3 yake haijarudi kituoni, maelezo yake hayajachukuliwa. Na kwenye mfumo wao kitufe cha kumtuma mkadiriaji hakifunguki mpaka ripoti iwe imepakiwa.

Dada yule anaijua kazi yake. Anajua kwamba kukagua gari hakuhitaji karatasi ya polisi. Kunahitaji gari na macho. Akaniomba leseni yangu, akaipiga picha, akaipakia palipoandikwa "Ripoti ya Polisi". Mfumo ukaridhika. Kijani! "Ikija ya kweli tutabadilisha, kaka," akasema. Nyuma yake ukutani limebandikwa bango mnalolijua, la BPMN, ile lugha ya kuchora hatua za kazi zikifuatana: duara jembamba la kuanzia kushoto, visanduku, mishale, duara nene la kumalizia kulia. Mimi ni mtu wa kuchora mabango hayo hayo kwa mshahara, kwa hiyo nusu ya aibu ilikuwa yangu.

Dai la bima halina foleni ya hatua. Ni jalada. Leo inaingia karatasi ya daktari, kesho mteja anakumbuka jina la shahidi, keshokutwa wakili wa upande wa pili anapiga simu, na kila kinachoingia kinabadilisha la kufanya. Ukilichorea mishale umechora dai moja tu, lile ulilolisikia kwenye kikao.

Mama yangu alifanya kazi masijala ya wilaya mpaka alipostaafu. Barua ikiingia inapewa namba ya folio, inafungwa ndani ya jalada, jalada linakwenda kwa afisa husika, anasoma yote yaliyotangulia, anaandika dokezo: fulani aone, fulani ashauri, lirudi kwangu tarehe fulani. Migogoro miwili ya viwanja haikuwahi kupita njia moja. Wala hakuna jalada lililokataa barua kwa sababu imewahi kufika.

Basi OMG, shirika la viwango lenye BPMN, walipotoa CMMN mwaka 2014, lugha ya kuchora kazi zisizo na mpangilio mmoja, nilicheka peke yangu. Mchoro wenyewe ni kisanduku kikubwa chenye kisikio juu kushoto. Jalada! Wataalamu wamezunguka dunia nzima wakatokea masijalani kwa mama. Ndani yake kazi zimekaa huru. "Kagua gari" ina almasi nyeupe ukingoni, sharti lake moja tu: inajulikana gari lilipo. "Tuma mpelelezi" imezungushiwa mstari wa kukatika-katika, maana ni hiari ya mhusika. Si kila dai linanuka. Ripoti ya polisi inadaiwa pale inapostahili kudaiwa, mlangoni mwa malipo. Mteja akiliondoa dai lake, almasi nyeusi inalifunga jalada zima.

Najua jibu, nimeshaambiwa na wakubwa mara nyingi: ukimwachia karani hiari, ataila. Jamani! Karani wenu anayo hiari tayari. Ameitumia mbele yangu, kwa leseni yangu, na mkaguzi wenu wa ndani atakuta kijani tupu. Rushwa inapenda giza, na hakuna giza kama hatua iliyotimizwa kwa uongo kwa sababu ukweli haukuwa na pa kuwekwa. Mngeandika tu "amemtuma mkadiriaji kabla ya ripoti, sababu hii", mngejua nani wa kumuuliza.

Haya, nikubali mengine shingo upande. CMMN imedorora. Toleo la 1.1 lilitoka Desemba 2016, na sijaona jingine. Camunda, watengenezaji wa programu za kuendeshea michoro hii, waliishabikia mwanzoni lakini hawakuiweka kabisa kwenye Camunda 8. Wenzao Flowable bado wanayo. Ukiionyesha kikaoni, watu wanauliza "sasa inaanzia wapi?" na chai inapoa. Maombi ya likizo na LPO (oda za manunuzi), ambayo kweli hupita njia moja, chora mishale yako kwa amani. Na ninyi mnaosema BPMN nayo ina kisanduku chenye kiwimbi kwa kazi zisizo na mpangilio: ndiyo, kipo. Mara ya mwisho mmekitumia lini?

Juzi ripoti ya polisi imetoka. Nikampelekea dada ofisini, mhuri wa kituo na kila kitu. Akabofya, akabofya tena, akanigeuzia skrini nijionee. Hatua ya 3 imeshafungwa, haipokei kitu. Kwa hiyo mpaka naandika hapa, ripoti rasmi ya polisi kuhusu ajali ile ni uso wangu, daraja B na D.