Mbongo hakosi elimu ya nishati safi, anakosa gesi ya kupima

Wakuu, kuna kauli naisikia sana huku Ujerumani, na siku hizi naisikia hata kwa viongozi wetu nyumbani, eti watu wetu wanang'ang'ania mkaa na kuni kwa sababu hawana elimu. Mimi nimekulia Dar, huku nimekaa miaka ya kutosha, na kauli hii inaniuma kwa sababu siyo kweli.

Tuanze na Wajerumani wenyewe, maana wengi nyumbani mnadhani huku kila mtu anaamka anawaza mazingira. Wapo wa hivyo na nawaheshimu, zaidi ya nusu ya umeme wao sasa hivi unatoka kwenye upepo, jua, maji na vitu kama hivyo, na mitambo mitatu ya mwisho ya nyuklia waliizima Aprili 2023. Lakini mwaka huohuo serikali ikaleta sheria kwamba ukifunga mfumo mpya wa kupasha nyumba joto lazima angalau asilimia 65 iwe nishati jadidifu, yaani ile isiyoisha kama jua na upepo, weee, nchi iliwaka! Kazini, kwenye treni, magazetini, stori ni hiyo hiyo, mtu kasoma mpaka chuo kikuu anakwambia kwa hasira serikali isinipangie nyumbani kwangu. Sasa niambieni, nani alisimama akasema Wajerumani hawana elimu? Hakuna. Walisema watu wameogopa gharama, wakaweka ruzuku ambayo kwa wenye kipato kidogo inaweza kufika asilimia 70.

Na 2022 je, Urusi ilipoivamia Ukraine? Kabla ya hapo zaidi ya nusu ya gesi waliyoagiza ilitoka Urusi, bei ikapaa, ofisi za serikali zikaambiwa zisipashe kuzidi nyuzi 19, na majumbani watu wakaanza kuoga haraka haraka, kuzima hita kwenye vyumba wasivyokaa, wanashinda na masweta sebuleni. Bili ndiyo iliyowabadilisha, mahubiri ya mazingira walikuwa wanayasikia miaka yote.

Kitu ambacho watu wamekipokea kwa moyo mweupe ni zile paneli ndogo za sola za kuning'iniza kibarazani, unachomeka kwenye soketi ya kawaida na umeme unaingia ndani. Mwisho wati 800, VAT imeondolewa tangu 2023, hata mpangaji anaweka, na kufikia 2025 zilizosajiliwa zimepita milioni moja. Unaanza na hela kidogo, na bili ya umeme inashuka. Hakuna siri nyingine pale.

Haya, turudi nyumbani Dar, twende Mbagala. Mama ana elfu mbili mkononi, hiyo ndiyo bajeti ya kupikia leo, kesho Mungu anajua. Muuza mkaa anampimia kopo. Mtungi mdogo wa kilo 6 kuujaza ni elfu ishirini na kitu, kwa mkupuo, na gesi haikuagi, inakatika usiku chakula kiko jikoni. Kwa hiyo anafanya nini, anaweka vyote viwili, gesi ya chai na uji wa watoto asubuhi, mkaa wa maharage na makande. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Na usimwambie habari za moshi kama vile hajui, macho yanayowasha ni yake, kifua kinachokohoa ni chake. Serikali inasema moshi wa kupikia unaua Watanzania zaidi ya 30,000 kwa mwaka, na wanaokaa na huo moshi ni hao akina mama, wanajua kuliko sisi tunaoandika.

Najua mtaniambia kuhusu ladha, kwamba maharage ya mkaa ni matamu zaidi. Hata shangazi zangu wanasema hivyo, ila mtungi ukiwa umejaa sijawahi kumwona hata mmoja wao akiwasha mkaa.

Sipingi mkakati wa serikali yetu wa 2024 wa kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, naupenda sana. Ile amri ya taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa ilianzia mahali sahihi, kwa wenye bajeti. Kwa mtu wa kawaida ndipo mambo yanapokwama, na siyo gesi tu. Bwawa la Nyerere la kuzalisha umeme limekamilika, megawati 2,115, umeme upo, na presha ya umeme, ile sufuria ya kupikia yenye mfuniko unaobana mvuke, inaivisha maharage bila hata kumaliza uniti moja. Lakini mteja wa tarifa ndogo, yaani bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka 75 kwa mwezi, akizidi hapo bei inaruka zaidi ya mara tatu. Yaani anayetaka kuachana na mkaa ndiye anayekatwa. Nina ndugu tuliochanga tukamnunulia hiyo presha, anaipenda, ila anahesabu LUKU yake, umeme wa kulipia kabla, na mwezi ukifika katikati anaifunika na kitambaa anarudi kwenye jiko la mkaa.

Wanaopanga bei wamtengee mpishi uniti zake za bei nafuu. Na zile mita za gesi za kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambazo zipo Dar na Nairobi, zisiishie mitaa michache, zifike Chanika, Mbagala, Tandale, huko mkaa unakouzwa kwa kopo.