Kadi unayo, dawa kanunue nje

Jamani, hili la "dawa hiyo imeisha, kanunue nje" limenichosha! Jana nimempeleka mama kliniki ya presha. Tumetoka Makorora, Tanga, alfajiri, kadi ya bima kaifunga kwenye pindo la kanga. Foleni mpaka saa sita, miguu imemvimba. Mwisho kapewa kikaratasi: duka la dawa lipo ng'ambo ya barabara. Vidonge vya mwezi mzima, hela yetu taslimu.

Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Wasiojiweza serikali iwabebe. Ila ijaze na rafu za dawa. Mama kaniuliza njiani, "Mwanangu, sasa hii kadi tunailipia nini?"